Reli iliyosimama katikati ya hall yetu kule chini ya kilima cha Sagalla, na harusi iliyokuwa inakuja

Wakuu, kwema huko? Wa Voi, wa Mwatate, wa Taveta, na nyinyi mliohamia Nairobi mkasahau joto ni nini, nawasalimu wote.

Hiki ninachowaletea kilitokea kweli. Pale nitakapozidisha chumvi mtapajua wenyewe, kwa sababu mimi nikizidisha, huwa nazidisha gunia zima.

Ni mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa karani wa stoo kwenye shamba la mkonge. Mchana nagawa mapanga na viatu vya kazi, jioni naingia darasani Voi kusomea ujenzi.

Shule ya mchana nilikuwa nimeiacha darasa la saba, kwa hivyo kijijini wakanipa jina la Gumbaru, yaani mtu mzima anayeanza kusoma. Watoto walikuwa wakiniona na vitabu kwapani wanaimba kabisa. Mimi nacheka, napita. Mtu mzima akikaa kwenye dawati la mtoto, magoti yanafika masikioni, nawaambia ukweli.

Mwalimu wetu alikuwa anaitwa Righa. Mtu mwembamba, anaandika ubaoni kama anapigana nao. Siku ya kwanza aliandika maneno haya tu:

"Kila uzito ulio juu lazima ufike chini. Wewe kazi yako ni kuuliza umepitia wapi."

Wakuu, yale maneno yaliniharibu. Tangu siku hiyo nikiingia jengo lolote nainua macho. Stesheni, sokoni, jikoni kwa mama. Kanisani nilitazama juu mpaka wamama wakaanza kunong'ona eti nimeokoka.

Baadaye Mwalimu akatupa assignment. Kila mmoja achague jengo moja la umma, achore kila kitu kinachobeba, aandike mizigo yote, halafu aonyeshe kila mzigo unashukaje mpaka kwenye udongo.

Wenzangu walichagua vitu rahisi. Mmoja alichagua kibanda cha soko, nguzo nne na mabati, akamaliza kabla chai haijapoa.

Mimi nikachagua hall yetu. Sababu ya kwanza ilikuwa karibu na nyumbani. Sababu ya pili, nilitaka watu wanione na tape measure.

Hiyo hall sitaitaja jina. Ilijengwa kwa harambee, kuta za mawe, juu mabati. Katikati ya mabati na watu kulikuwa na dari ya mbao nzito, imelala juu ya boriti zinazovuka kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Boriti moja ilikuwa nene kuliko zote, ile ya katikati.

Na chini ya hiyo boriti, katikati kabisa ya ukumbi, palikuwa pamesimama kipande cha reli.

Reli kweli, ya treni. Voi ni mji wa reli, skrepa hazikukosekana. Mtu aliinunua, akaisimamisha kwenye zege, ikafika hadi juu kwenye boriti. Imesimama wima kama mtu aliyefika mkutanoni akakosa kiti.

Kila niliyemwuliza reli inafanya nini alikuwa na jibu lake. Mmoja alisema ni ya kutundikia taa ya karabai. Mwingine ni ya kuegemea wazee mkutano ukichelewa. Mwingine aliapa kabisa kwamba ilikuwa ya kufungia fahali siku ya ufunguzi, ikasahaulika. Fundi aliyeiweka alikuwa amehamia Bomeni, kule Taveta, siku nyingi. Hakuna aliyekumbuka alisema nini.

Nikaanza kazi. Kwa ambao hawajasomea haya mambo, dead load ni mzigo usiohama, kama mabati, mbao na misumari. Live load ni ule unaokuja na kuondoka: watu, mabenchi, upepo.

Niliandika kila kitu. Upepo wa kutoka uwandani niliuandika. Ngoma ya kwaya niliiandika. Hata popo niliwaandika, Mwalimu akawafuta.

Sasa hapa ndipo anaingia Mzee Mwakio.

Mzee Mwakio alikuwa chairman wa kamati ya hall. Sauti yake ingeweza kuamsha tembo kule mbugani. Alikuwa na binti, Wakesho, mwalimu wa shule ya msingi, na Wakesho alikuwa anaolewa baada ya mavuno. Karamu ingekuwa humo humo ndani ya hall.

Na Mzee alikuwa na vita na ile reli.

Kisa chake ni kwamba kuna siku mgeni rasmi alihutubia akiwa nyuma ya hiyo reli. Watu wa upande wa kushoto waliona sikio moja tu mpaka hotuba ikaisha. Mzee aliona aibu kama yeye ndiye aliyemficha. Na sasa binti yake apite hapo na shela, azunguke chuma?

Alikuwa ameshazungumza na fundi Shako, fundi wetu wa kuchomelea, aje na gesi aikate. Alichokuwa anangoja ni mtu wa kumwambia "kata."

Akanikuta na tape yangu.

"Gumbaru!"

"Naam, Mzee."

"Wewe si ndiye unasomea majengo? Niambie basi. Hii chuma inabeba nini?"

Wakuu, hakuna aliyewahi kuniuliza swali la kitaalamu. Kifua kilijaa. Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba ukiwa na shaka na nguzo, angalia pale inapokutana na boriti, uone kama kuna nafasi ya kupumua. Nikaleta ngazi, nikapanda na karatasi ya daftari. Nikaisukuma kati ya kichwa cha reli na boriti.

Ikapita. Iliteleza ikatokea upande wa pili kama barua chini ya mlango.

Mzee hakuamini, akapanda mwenyewe. Akaivuta huku, akairudisha kule. Akacheka mpaka ngazi ikatikisika.

"Haigusi! Miaka yote hii imesimama bure kama askari wa geti asiye na geti!"

Akashuka akamtumia Shako ujumbe: aje wiki ya harusi, hall ikishafagiliwa, aikate. Mimi nilipigwa mgongoni mpaka nikakohoa. Nilitakiwa kufurahi.

Lakini nilirudi nyumbani na swali kama mfupa wa samaki kooni.

Fikirini. Mtu amechimba shimo. Amemwaga zege. Ametafuta wanaume wa kuinua reli, na reli si mkungu wa ndizi. Halafu amefika juu, akaacha nafasi ya karatasi?

Angekosea kwa upana wa kiganja ningeelewa, fundi naye ni binadamu. Lakini hakuna anayekosea kwa unene wa karatasi. Ukikaribia hivyo, ulikuwa unagusa.

Basi ile reli iligusa siku ilipowekwa. Kwa nini sasa haigusi? Ama reli imekuwa fupi, ama boriti imepanda.

Reli haiwi fupi. Na joto la Voi lingeirefusha. Imebaki boriti.

Boriti inapandaje? Nilijitupa kitandani nikiwaza, kitanda changu cha kamba, kamba zikashuka. Nikainuka kutafuta maji, zikapanda. Nikakaa tena. Zikashuka. Nikainuka tena. Mama akauliza kutoka upande wa pili kama kuna kunguni.

Boriti inapanda kwa sababu kuna mzigo umeinuka ukaondoka!

Siku iliyofuata niliomba ruhusa shambani nikarudi hall mapema. Kulikuwa na kitundu cha kupandia darini, pembeni mwa jukwaa. Sikuwa nimepanda kabla, kwa sababu nilijua darini hakuna kitu. Nikapanda.

Kweli palikuwa patupu. Vumbi, buibui, na panya mmoja aliyenona kuliko familia yangu yote.

Nikajiuliza, huyu amenona kwa nini?

Nikapiga magoti. Katikati ya mbao, kwenye kila mwanya, kulikuwa na punje za mahindi. Uzi wa mkonge wa kushonea midomo ya magunia ulikuwa umetapakaa. Na juu ya ile boriti kubwa, mbao zilikuwa zimelainika na kung'aa kwa kuburutwa magunia.

Wakuu, nilikaa hapo hapo nikacheka peke yangu. Mimi ni Mtaita. Nimezaliwa chini ya dari yenye mahindi. Mama yangu anaweka mahindi darini juu ya jiko, moshi unayakausha, wadudu wanakimbia. Mama yake alifanya vivyo hivyo. Kwetu nyumba isiyo na mahindi darini ni kama kichwa kisicho na nywele.

Ndiyo maana hakuna aliyeyataja, hata mimi. Nimeandika popo, sikuandika mahindi!

Na hall ilikuwa vivyo hivyo. Mchango wa hall watu wa upande wetu hawakutoa pesa, walitoa mahindi. Kila mavuno kila boma lilileta magunia yake, yanapandishwa darini, yanakaa huko mpaka bei ikae vizuri, lori lije. Dari ilijaa ukuta hadi ukuta. Mimi nilipanda miezi ile ya kabla ya mavuno, wakati hata kuku wanaangaliana vibaya.

Sasa unganisheni mambo. Fundi wa Bomeni aliweka reli magunia ya kwanza yakiwa yameshapanda na boriti imeanza kupinda. Mahindi yakauzwa, boriti ikainuka, karatasi ikapata pa kupita. Mavuno yakija, inashuka tena inaikalia reli.

Na harusi ya Wakesho ilikuwa lini? Baada ya mavuno. Harusi zetu ni baada ya mavuno kwa sababu ndipo chakula kipo.

Yaani mahindi juu, watu chini wanacheza, na reli imekatwa.

Nikapiga hesabu kwenye ubao wa dari kwa kipande cha mkaa. Gunia moja ni kilo tisini. Zidisha kwa maboma yote ya pande zile. Ilikuwa kama mtu ameegesha lori lililojaa juu ya vichwa vya wageni. Nikarudia hesabu nikitumaini nimekosea. Lori lilikuwa bado liko pale pale.

Jioni nikampelekea Mwalimu Righa. Alisoma, akatoa miwani, akasoma tena.

"Boriti hii peke yake, kwa upana huu, haiwezi," akasema. "Nyumbani kwenu dari ni ndogo, ndiyo maana inavumilia. Hapa mumechukua dari ya jikoni mkaitandaza kwenye ukumbi."

Nikamwambia basi nitampelekea Mzee hesabu.

"Mzee gani atabishana na macho yake kwa sababu ya hesabu yako? Alichokiona ni karatasi. Mwonyeshe karatasi."

Nikajaribu hata hivyo kwa maneno. Mimi ni mtu wa maneno. Mzee alinisikiliza nusu.

"Juzi ulipanda mbele yangu ikapita. Leo haipiti?"

"Ilipita kwa sababu dari ni tupu, Mzee. Magunia yakipanda..."

"Magunia yanafanya nini? Yamelala tu kule juu, kijana. Hayachezi, hayaruki. Mahindi ni chakula, usiniambie habari ya mzigo."

Na watu waliokuwa hapo wakatikisa kichwa kukubaliana naye. Nilimwelewa. Hata mimi wiki iliyotangulia ningetikisa.

Mahindi ya kumwonyesha hayakuwepo. Nikakuna kichwa. Jumapili ikafika, ibada ikaisha, kwaya ikaja hall kufanya mazoezi kama kawaida. Nikaiangalia ile safu ya nyuma, wanaume wa besi. Kulikuwa na mmoja anaitwa Mwandoe ambaye akiketi kwenye benchi, mtoto wa upande wa pili anapaa.

Nikasema, hayo ndiyo magunia yangu.

Reli ilikuwa bado ipo, kwa hivyo hatari hakuna. Nikawaomba wanaume wote wa kwaya wapande darini wakae mstari mmoja juu ya boriti kubwa. Walidhani nina wazimu, lakini mtu wa kwaya akiambiwa apande jukwaani hakatai, hata kama jukwaa ni la panya.

Kabla hawajapanda nilimwita Mzee Mwakio. Nikamwomba aweke karatasi yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Akaiweka, akaitelezesha mara kadhaa, akawageukia wamama akacheka. Nikamwambia abaki kwenye ngazi, aishike hivyo hivyo.

Wanaume wakaanza kupanda mmoja mmoja. Mbao zikalia. Wa mwisho alikuwa Mwandoe, tulimsukuma kwenye kile kitundu kama kabati.

"Vuta sasa, Mzee."

Akavuta. Karatasi ikakataa.

Akavuta tena kwa nguvu. Ikapasuka, nusu ikabaki mkononi mwake, nusu imebanwa kule juu.

Kisha sauti ya Mwandoe ikatoka darini, nzito kama ngurumo:

"Mzee, tushuke ama tuongeze?"

Wamama wakavunjika mbavu. Mama Malemba, aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama na mwenye magunia mengi kuliko wote, akapiga makofi.

"Na hao hawajafikia hata mahindi yangu mimi na mume wangu! Bado ya majirani!"

Wanaume wakaanza kushuka. Alipoondoka yule wa mwisho kutoka kwenye boriti, kile kipande kilichobanwa kikalegea chenyewe, kikaanguka polepole mpaka sakafuni. Hakuna aliyekigusa.

Mzee alishuka ngazi. Akakaa kwenye benchi. Halafu:

"Basi mwaka huu mahindi yasipande."

"Yakae wapi?" Mama Malemba akauliza. "Kitandani kwako?"

"Mpaka harusi ipite tu, mama."

"Mzee Mwakio, hii hall imejengwa na hayo mahindi. Mabati haya unayoyaona juu ni mahindi. Utayafukuza nyumbani kwao?"

Hapo wakaanza kurushiana maneno, kila mtu na upande wake. Wengine reli ikatwe na mahindi yakae nje, wengine harusi ipelekwe uwanjani, kwenye jua, ama mvua kama ingekuja. Ilifika mahali watu wanazungumza kana kwamba hall ni ya ukoo wao.

Wakesho alikuwa ameingia, hakuna aliyemwona. Alikuwa na vitabu vya wanafunzi mkononi. Aliitazama ile reli kwa muda, akaizunguka mara moja, pole pole, kama mtu anayejaribu kiatu dukani.

"Baba, ikae."

"Mwanangu, nilikuahidi..."

"Uliniahidi harusi. Mimi kuizunguka naweza. Wakiangukiwa wageni wangu, hapo sitaweza kitu."

Mzee akaangalia chini. Nawaambia wakuu, ilimuuma. Alikuwa amewaambia watu mpaka Voi kwamba hall itakuwa wazi. Lakini alitoa leso, akapangusa uso, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo:

"Mwambieni Shako asije na gesi. Aje kula."

Mavuno yalikuja mazuri. Magunia yakapanda mpaka kitundu cha dari kikafichika. Nilipanda ngazi na wembe badala ya karatasi. Hata wembe haukupata pa kuingia.

Siku ya harusi mvua ilinyesha mchana, waliokuwa wamekaa nje chini ya turubai wakaingia wote. Hall ilijaa, kama ungetaka kujikuna ungemkuna jirani. Wakesho akaingia na shela lake, akafika kwenye reli, akapita kushoto, bwana harusi kulia, wakakutana mbele. Watu wakapiga vigelegele wakidhani walipanga hivyo.

Halafu muziki. Watu wakaanza kuruka.

Katikati ya wimbo nikaisikia boriti. Sauti fupi, nzito, kama mtu mzima anayeketi.

Umati wote uliendelea kucheza. Waliosimama ghafla walikuwa watatu: mimi, fundi Shako na sahani yake ya pilau, na Mzee Mwakio.

Mzee alipenya katikati ya watu hadi kwenye reli. Akaiwekea kiganja, kama unavyomwekea mgonjwa mkono kwenye paji la uso. Hakuniangalia, hakumwangalia mtu. Wimbo ukaisha, ukaanza mwingine, mkono wake bado uko pale. Na binti yake anacheza hatua chache kutoka kwake, anacheka.

Hiyo picha sijaisahau mpaka leo.

Somo nililolipata, wakuu: ukimwuliza mtu kitu hiki kinabeba nini, mwulize pia mwezi gani. Karatasi ilisema kweli siku ile ilipopita. Na siku ilipokataa ilisema kweli vilevile. Na mzigo mgumu kuandika ni ule uliouzoea tangu utotoni mpaka huuoni tena.

Assignment nilipita. Mwalimu aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Popo umewatoa, vizuri."

Ma-engineer wa vyeti vikubwa mliomo humu, nisahihisheni taratibu, mimi ni wa masomo ya jioni. Na nyinyi wengine, kwenu kuna hall, kanisa, shule au soko lenye kitu kimesimama na kila mtu ana hadithi yake kinafanya nini? Wekeni hapa chini tukijadili. Lakini mtuambie kabisa, mlikiangalia msimu gani.